Bastola ya Mwalimu Kirimi

Mmeanza tena. Juzi ni kijana wa Embu mjini, jana ni msichana fulani anayesema ana duka la mtandaoni, na leo asubuhi nikinywa uji simu inalia: mzee Ireri, tumesikia wewe ndiwe uliyekuwa fundi wa fimbo za kuvulia samaki, sasa hii mipini ya kizamani tutaitoa wapi, kuna wazungu wanaitafuta. Mnanitumia na picha. Navaa miwani, naangalia, naona ni ileile: mpini mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja, kiti cha rili, ile pia ya kukunjia uzi, kimezama, na chini ya tumbo kuna kandoano kadogo ka kukumbatiwa na kidole. Haipo, watoto wangu. Nimesema haipo. Lakini kwa kuwa hamsikii, na kwa kuwa nimechoka kurudia maneno yaleyale uji ukipoa, nimeamua kuyasema yote mara moja. Mkishayasikia mniache nipumzike.

Na msidhani nitawapa hadithi ya kuwatia moyo. Huo moyo wenyewe sina. Wazee wenzangu wakistaafu hupenda kusema kazi iliwajenga, kazi iliwasomeshea watoto. Mimi kazi ilinifundisha vitu vingi vizuri sana, na karibu vyote vikaja kuwa bure kabisa. Hivyo ndivyo nitakavyowasimulia, sitavipaka rangi.

Nilijifunza kwa mzee Nyaga, nyuma ya soko la Embu, katika kibanda cha mabati kilichovuja kila pahali isipokuwa pale alipoketi yeye. Nyaga alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye sauti ya kukwaruza. Zamani za ukoloni alimfanyia kazi mzungu mmoja aliyependa kuvua kuliko kulima. Uhuru ulipokuja mzungu akauza shamba akaenda zake, akamwachia Nyaga sanduku la vifaa na rundo la fimbo zilizovunjika. Ndipo Nyaga akafungua karakana. Mimi siku ya kwanza nilidhani nimekuja kujifunza useremala wa vitanda na makabati, nikamkuta mtu mzima ameketi ananusa kipande cha mti huku amefumba macho.

Kazi ilikuwepo, msinielewe vibaya. Mabwawa ya Tana yalikuwa mapya, mainjinia walikuwa wengi, kulikuwa na mapadri, madaktari na walimu, na Jumamosi ungeona magari yanateremka kuelekea Mbeere, fimbo zimechungulia dirishani. Ufito wenyewe, ile sehemu ndefu ya mbele, haukuwa taabu, ukikatika unaunganishwa. Taabu ilikuwa mpini. Jua linapasua mti, maji yanaozesha vizibo, mtu anaukanyaga akishuka garini, mbwa anautafuna kwa sababu unanuka samaki. Basi wote walikuja kwetu.

Haya, chukueni hili. Mpini haujaribiwi na mkono mkavu. Dukani kila mpini ni mzuri, kwa sababu mkono wako ni mkavu na hakuna samaki anayevuta. Nyaga alikuwa anakulowesha mkono, anakupaka sabuni ya kufulia, anakwambia shika, halafu anauvuta mpini kwa nguvu zake zote. Ukiteleza, unarudi kwenye msasa. Mara ya kwanza aliponijaribu na mpini wa mikono yangu, aliuvuta nikaenda nao kifudifudi mpaka kwenye vumbi la mbao. Alisema huo ni mzuri, akarudi kwenye chai yake.

Vizibo tulivitoa katika hoteli moja ya wageni. Mpishi alikuwa anatuwekea vya chupa za mvinyo ndani ya gunia. Unavitoboa katikati kwa chuma cha moto, unavipanga kwenye kijiti, unavigandisha, unavikandamiza usiku kucha, kesho yake unavilainisha. Kizibo kikishikwa na mkono uliolowa hakitelezi, ndiyo siri yake. Mimi nilimgandishia padri mmoja vizibo vyake kwa gundi ya maseremala, ile inayoyeyuka ikipata maji. Hakuna aliyekuwa amenikumbusha kwamba fimbo ya kuvulia samaki hupata maji. Padri alirudi Jumatatu ameshika kizibo kimoja mkononi. Fimbo ilikuwa imechomoka ikaruka bwawani pamoja na rili. Hakunitukana, kwa kuwa ni padri, ila aliniangalia kwa muda mrefu sana.

Sasa ile mipini mnayoitafuta. Mwili wake ni alumini, umemiminwa kipande kimoja. Shingoni kuna kibano cha kuukaza ufito, kwa hiyo ufito unaingia na kutoka. Kiti cha rili kimezama ili kidole gumba kikae juu ya rili bila kujipinda. Nyuma ni mti au vizibo, umekatwa ukainama kidogo kufuata kiganja. Ukiushika bila ufito, umeshika bastola, hakuna jina lingine. Nasi hatukutafuta jina lingine. Karakana nzima tuliita bastola, na ile ndoano ya kidole tuliita triga. Padri anaingia asubuhi anasema, Nyaga, bastola yangu imelegea triga, na hakuna mtu anayeinua kichwa. Ukitumia neno miaka mingi kati ya watu walewale, unasahau kwamba huko nje lina kazi nyingine.

Halafu zile za zamani zikaacha kuja. Huko zilikotoka waliacha kuzitengeneza, wakaanza kuleta mipini mirefu iliyonyooka, imevishwa sponji nyeusi. Wateja wakasema ni ya kisasa. Nyaga alishika mmoja, akapaka sabuni, akauvuta, ukachomoka kama sindano kwenye kitambaa. Aliusukuma kando. Aliondoka duniani muda mfupi baadaye, akaniachia karakana na vumbi lake.

Mwalimu Kirimi nilimjua tangu siku za Nyaga. Alikuwa mtu wa Kanyakine, huko Meru, lakini alifundisha Mbeere miaka mingi, na kuvua alijifunza huko bwawani kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyetoka ng'ambo. Mtu wa maneno, wa kucheka, wa kukosoa kila kitu. Akija karakana tunaacha kazi. Alikuwa anaweza kurusha ndoano ikaangukia ndani ya kikombe, na alipenda sana tumwekee hicho kikombe. Baadaye alihamishiwa kwao. Fimbo na bastola yake alimwachia rafiki yake, akisema Kanyakine atavua kahawa tu. Huyo rafiki naye akahamishwa, hatukujua aliko.

Siku moja aliletwa kwangu tena, nasema aliletwa, maana mkewe alikuwa amemshika kiwiko. Wote walimwita Mama Mwenda, mwanamke mrefu, mpole, wa kanisani. Mwalimu alikuwa amesaidia kiwandani msimu wa kahawa, na mashine ya kumenya ikamshika mkono wa kulia. Ilimla vidole viwili vya mwisho na nyama ya pembeni mwa kiganja. Kidole cha kati kilibaki, lakini hakikunjiki. Alibakiwa na gumba na kidole cha shahada. Chaki haishikiki sawasawa kwa vidole hivyo, wakamstaafisha. Aliketi kwenye kigoda changu, mkono ndani ya mfuko wa koti, hakukosoa kitu chochote.

Mama Mwenda aliniita nje, tukasimama nyuma ya mabati.

"Fundi, huyu mtu anakufa nikimwangalia," aliniambia. "Tangu hospitali ameuliza kitu kimoja tu, kama atavua tena. Hali, hasemi. Juzi aliniuliza kamba ya ng'ombe iko wapi. Na sisi ng'ombe tuliuza kitambo."

Nikarudi ndani nikijifanya mchangamfu, nikachukua fimbo mpya yenye mpini wa sponji, tukatoka uwanjani. Mwalimu akashika, akarusha, na fimbo nzima ikamtoka ikaenda kutua juu ya paa la mama muuza chipsi. Nilicheka, nikijua atacheka. Nilicheka peke yangu. Mpini ulionyooka unashikwa na vile vidole vya chini, na hivyo hakuwa navyo. Bastola ndiyo ingemfaa: kidole cha shahada kinakumbatia triga, gumba linakaa juu, vidole vingine ni wageni tu. Ilikuwa kana kwamba aliyeibuni alimfikiria Mwalimu. Nami zote zilizopita mikononi mwangu nilikuwa nimezirudisha kwa wenyewe, na wenyewe walikuwa wameenda.

Nilimpa tonge la udongo wa mfinyanzi, nikamwambia alikamue kwa ule mkono kwa nguvu zote. Hivyo ndivyo Nyaga alivyopima mkono wa mtu, wala si kwa futi. Nikalikausha kivulini, nikaliweka kwenye rafu. Nikamwambia Mwalimu aende nyumbani, mpini nitautafuta. Aliitikia kwa kichwa. Mkewe ndiye aliyesema asante.

Basi nikaanza kutafuta, na hapa ndipo penye elimu mnayoitaka, kwa hiyo sikilizeni. Vitu vya kizamani havikai dukani. Viko kwa waliokuwa madereva, wapishi na walinzi wa wazungu. Ukifika kwa mtu, usimuulize mwanamume, hajui kilichomo ndani ya nyumba yake. Muulize mke, kisha mama. Usitaje kwamba unatafuta kitu cha thamani. Omba maji ya kunywa, na ukiwa unakunywa angalia vitu vilivyofungwa kwa waya, vilivyopigiliwa ukutani, vinavyozuia mlango usifungwe na upepo. Mimi Runyenjes niliukuta mmoja, umeshayeyushwa ukawa mguu wa jiko. Chuka nilionyeshwa picha ya mtu aliyekuwa nao.

Muthara niliupata mwingine ukiwa kishikio cha mlango wa stoo ya miraa. Mzee mwenye stoo alikuwa hasikii vizuri na hakutaka kusikia. Mlango wangu nitaushika wapi, ndilo swali lake tu. Nilirudi Embu, nikamchongea kishikio kipya cha muuru, mti wetu wa Meru ule mzuri, nikakipeleka mpaka Muthara, nikang'oa misumari mwenyewe. Nilipougeuza mpini, chini hakukuwa na triga. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na alumini huku kwetu hakuna aliyejua kuiunga. Mzee akaeleza kwa fahari kwamba aliikata kwa sababu iliwaumiza wajukuu vidole. Niliketi kwenye gunia la majani ya migomba nikashindwa kuinuka. Alidhani nimeshikwa na jua, akaniletea maziwa.

Kila siku ya soko Mama Mwenda alipata njia ya kufika Embu, akaja kuuliza. Na hakuuliza kidogo. Alitaka kujua nilipita njia gani, nikamkuta nani, akasema nini, mlango ulikuwa wa rangi gani. Nilidhani ni mama anayependa hadithi. Nilimsimulia yote, hata ile ya maziwa.

Mwishowe nikakumbuka Athmani. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Maua, Mwislamu, mtu wa vitu vya mitumba na magari, hakuna chuma kilichopita Nyambene bila yeye kukiona. Alikuwa amewahi kutuuzia vipande siku za Nyaga, kwa hiyo lugha yetu aliijua. Nilimtumia salamu. Zikapita wiki nyingi, nikakata tamaa, kisha akaingia karakana dereva mmoja wa pikapu ya miraa, wale ambao sauti yao ni ya kushindana na injini.

"Athmani anasema bastola yako imepatikana," alisema. "Nzima, triga inafanya kazi. Uje mwenyewe, uje upesi, kuna watu wengine wanaiulizia."

Nilipiga makofi. Nilimuuliza kama ni ile fupi, akasema fupi, anayo kwenye gazeti chini ya kaunta. Nilimkumbatia yule dereva, jasho lake na yote. Kulikuwa na mteja ameketi akingoja kigoda chake nikitie mguu, mtu mtulivu wa shati jeupe, aliinuka akaondoka bila kuaga na bila kigoda. Nilidhani amechoka kungoja.

Maua nilifika kesho yake. Athmani alinikaribisha chai, akalifungua lile gazeti, na nawaambia kweli, machozi yalinilengalenga. Ilikuwa nzuri. Mti wake ulikuwa na mng'ao, kibano kinazunguka kimya, triga imesimama. Niliishika, nikafumba macho nikauona mkono wa Mwalimu. Nilipofumbua, mlango ulikuwa umejaa viatu vya askari, na nyuma yao shati jeupe.

Sitawataja, na kituo sitakitaja. Miaka hiyo bunduki haramu zilisumbua sana upande ule wa chini, watu waliuawa kwa sababu ya ng'ombe, na polisi hawakuwa na mchezo. Tulikalishwa chini kwenye saruji, mimi na Athmani. Mkubwa wao aliweka kitu juu ya meza, akakizunguka.

"Hii ni nini?"

"Ni mpini wa fimbo ya kuvulia samaki, afande."

"Maua kuna ziwa?"

Nilieleza mambo ya Mwalimu, mashine ya kahawa, Kanyakine, mpaka mate yakakauka. Nadhani alikuwa ameanza kuamini. Akaingiza kidole chake kwenye ile ndoano, akalenga ukuta, akaniuliza na hii inaitwaje. Jamani, kuna maneno mangapi duniani? Ndoano, kulabu, kishikizo, kitu cha kidole. Lakini mdomo wangu ulikuwa na neno moja tu la miaka yote hiyo.

"Hiyo ni triga, afande."

Athmani alifumba macho. Chifu aliyemjua Athmani alikuja jioni kutuombea, wakatuachilia, lakini bastola ilibaki kwa uchunguzi. Nilirudi kuiulizia mara nyingi, kila mara naambiwa njoo wiki ijayo. Mwishowe askari mmoja mwenye huruma alinivuta kando akaniambia nisijisumbue tena. Silaha zote zilizokamatwa zilikusanywa zikapelekwa kuchomwa hadharani, na yangu ilikuwa humo. Nilimuuliza kama mtu aliyeitupa motoni hakuona kwamba haina mtutu. Akasema rundo lilikuwa kubwa.

Mnaponiuliza ile mipini iliishia wapi, sasa mnajua wa mwisho uliishia wapi. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe, kitu ambacho sijawahi kukifanya nikiwa mzima. Mke wangu aliniwekea chakula, kikapoa, akakitoa. Nilikuwa nawaza ile kamba ya ng'ombe. Mama Mwenda alipokuja nilimweleza yote nikiangalia chini. Akasema basi niutengeneze mwenyewe, si nina mkono wa Mwalimu pale kwenye rafu? Alisema kwa upole, kama mtu anayekuomba chumvi.

Kutengeneza. Haya. Alumini nilitoa kwenye sufuria zilizotoboka na kipande cha gia ya lori, nikaenda Meru mjini kwa vijana wa jua kali wanaomimina chuma kwenye mchanga. Ya kwanza ilitoka na mashimo. Ya pili ikapasuka shingoni. Nyingine ilitoka nzuri, nikaipiga kwa nyundo ya mti kuisikiliza, ikalia vibaya, nikairudisha motoni. Alumini nzuri hulia kwa sauti ndefu, iliyo na ufa hukohoa. Hilo mliandike.

Mti ndio ulionitoa jasho. Mti wa mpini haukaushwi kwa jua, unakaushwa kwa moshi. Kwetu nyumba ya jikoni ilikuwa na itara, ile dari ya fito juu ya mafiga ambapo kuni huwekwa. Kipande cha muuru kikikaa pale miaka, moshi unakikausha polepole, mdudu hakigusi, na kikilowa hakivimbi. Nilijua jiko moja tu lenye kipande kama hicho, kiliwekwa na marehemu baba mkwe akinuia mpini wa shoka. Na ni jikoni kwa mama mkwe wangu, pale Runyenjes.

Nyinyi wa siku hizi mnakula meza moja na mama wakwe, mnapiga picha nao. Sisi, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe hata nyumba iwe inaungua. Basi nilisimama kwenye majani mbali, nimeupa mlango mgongo. Mke wangu akaingia. Mama mkwe naye amekaa ndani, haniongeleshi, namsikia tu. Mke wangu anatoka na kijiti, nasema huo ni mwiko. Anarudi. Anatoka na kingine, nasema huo ni mti wa mukinduri, utanuka. Mama mkwe anamwambia bintiye, kwa sauti nisikie, kwamba kuna wanaume wanakuja kuhesabu kuni za watu. Mara ya mwisho alitoka na kitu cheusi kwa masizi. Nikakikwaruza kwa kisu, ndani kulikuwa na rangi ya asali. Nilimshukuru mama mkwe kupitia kwa mke wangu, naye akajibu kupitia kwa mke wangu kwamba sasa nifunge geti.

Siku hizi mnapikia gesi, na mnafanya vizuri, macho ya mama zenu yamepumzika. Lakini hakuna itara, hakuna moshi, hakuna mti mkavu. Hata mkijua kutengeneza, mtatengeneza na nini?

Nilichonga nikiwa na lile tonge la udongo mbele yangu. Kila alama ya kidole chake niliijaza kwa mti. Ilipokamilika nilijifunga vidole vitatu vya mkono wangu kwa ukanda wa mpira, nikabaki na viwili kama yeye, nikajipaka sabuni, nikamwambia mke wangu avute. Alivuta mpaka akakasirika. Haukutoka. Katika maisha yangu yote sijatengeneza kitu kizuri kama kile, hata Nyaga angekinusa akanyamaza.

Nilikipeleka Kanyakine mwenyewe. Mwalimu alikuwa uani, kwenye kiti, karibu na meza ya kuanikia kahawa. Alikuwa amekonda, shingo imeachana na kola. Nilifunga ufito na rili, nikampa. Alitoa mkono mfukoni polepole. Kidole kikaitafuta triga, kikaipata, gumba likapanda juu ya rili lenyewe bila kuambiwa. Mama Mwenda aliweka beseni mwisho wa uwanja. Mwalimu akasimama, akarusha. Uzi ulilia hewani, timazi ya mwisho wa uzi ikaingia beseni, tukaisikia. Akarusha tena, ikaingia. Akahamia upande wa kushoto, akarusha juu ya kamba ya nguo, ikaingia. Mama Mwenda alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nami, wazee hawasemi haya, nilikuwa nimejaa furaha. Nilisema Jumamosi twende bwawani, nitakodi gari.

Mwalimu alikunja uzi wote. Akafungua kibano, akaupangusa mpini kwa pindo la koti, akaulaza mikononi mwangu.

"Umefanya kazi, Ireri," alisema. "Mkono hauna shida. Muda wote huu nilidhani ni mkono."

Akarudi kwenye kiti, akaketi, akaangalia palepale alipokuwa akiangalia nilipofika. Nilimwita jina. Nilimwambia habari za samaki, za padri na kizibo chake, hadithi aliyokuwa akiipenda. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Chai ililetwa, hakuigusa.

Mama Mwenda alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea mbele yangu mpaka tulipofika pale magari yanaposimama. Nilianza kuomba msamaha, sijui kwa kosa gani. Akanikatiza.

"Kila asubuhi nilikuwa namwamsha na habari zako," alisema. "Namwambia amka, leo fundi ameenda Muthara. Amka, fundi anatafuta mti Runyenjes. Anaamka ili asikie umefikia wapi. Anakunywa uji." Alikuwa haniangalii. "Sasa umemaliza. Kesho nitamwamsha na nini?"

Gari lilikuja, utingo akanipigia mluzi nipande. Nikaliacha lipite, nikabaki nimesimama naye pale kando ya barabara, mpini mkononi.